Tusiwahukumu wanafunzi kwa majina tunayowabandika

Muhula uliopita, Ijumaa moja alasiri, niliwakusanya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika chumba cha mihadhara nikawaonyesha filamu iliyotengenezwa kabla hata mmoja wao hajazaliwa. Wengi wao wanasomea ualimu wa Kiswahili. Nilitaka tujadili mada ya isimujamii inayohusu majina na utambulisho, nami nilikuwa nimechoka kuieleza kwa michoro ubaoni. Filamu yenyewe ni The Breakfast Club, iliyoandikwa na kuongozwa na Mmarekani John Hughes, na iliyoanza kuonyeshwa mwezi wa Februari mwaka wa 1985.

Taa zilipowashwa, kijana mmoja aliyeketi nyuma alisema kwa sauti: "Daktari, hawa watoto walishiba mno. Wangeletwa bwenini kwetu wiki moja tu, wangejua shida ni nini." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Lakini wenzake walipokwisha kutoka, msichana mmoja alibaki akikusanya vitabu vyake polepole, kisha akaniambia: "Mimi shuleni niliitwa Kivuli kwa miaka minne. Hata walimu waliniita hivyo. Siku ya kuchukua cheti, karani aliliita jina langu mara mbili kabla sijatambua kuwa ndimi ninayeitwa."

Makala haya ni jibu langu kwa wote wawili. Kijana yule alikuwa na hoja, nami nitairudia. Hata hivyo, msichana yule ndiye aliyeielewa filamu, na alichokisema kinatuhusu sisi walimu kuliko tunavyopenda kukiri.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ni Jumamosi, tarehe 24 Machi 1984, katika shule ya kubuni iitwayo Shermer, jimboni Illinois. Wanafunzi watano wanafika saa moja asubuhi kutumikia adhabu. Watakaa maktabani hadi saa kumi jioni, pasipo kuzungumza, kusinzia wala kuondoka vitini. Mwalimu anayewasimamia, Bwana Vernon, anawapa kazi moja tu: kila mmoja aandike insha ya maneno yasiyopungua 1,000 akieleza anadhani yeye ni nani.

Swali hilo Vernon analiuliza bila kutaka jibu, kwa sababu majibu anayo tayari, na shule nzima inayo. Brian ni bongo, mtoto wa alama za juu. Andrew ni mwanariadha, bingwa wa mieleka. Claire ni binti mfalme, msichana wa kitajiri anayependwa na wote. Allison ni mwendawazimu, asiyesema na mtu. Bender ni mhalifu. Majina hayo matano ndiyo mtaji wote wa filamu. Hakuna safari, hakuna vita, hakuna gari linalokimbizwa. Hata mahali ilipopigwa ni jengo la shule halisi iliyofungwa mwaka wa 1981, Maine North, mjini Des Plaines karibu na Chicago, na maktaba tunayoiona ilijengwa ndani ya ukumbi wa michezo wa shule hiyo. Ni vijana watano waliofungiwa pamoja wakizungumza. Na bado mwaka wa 2016 filamu hii ilitiwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani kwa umuhimu wake wa kitamaduni.

Kwa nini mazungumzo ya watoto watano yadumu hivyo? Nadhani ni kwa sababu Hughes alilijua jambo ambalo wanaisimu hulizungumza kwa istilahi ngumu: kwamba jina tunalompa mtu haliishii kumtaja tu, bali humwekea mipaka. Humwambia aketi wapi, ale na nani, acheke kwa sauti gani na anyamaze lini. Tazama wakati wa chakula cha mchana. Claire anafungua samaki wa Kijapani waliopangwa kwa ustadi. Andrew anatoa mfukoni shehena ya chakula isiyokwisha. Brian ana mkate na supu alivyofungiwa nyumbani kwa mpangilio. Allison anaitupa nyama iliyomo katika mkate wake na kujaza nafaka za sukari badala yake. Bender hana kitu. Hata mtu asipotamka neno kuhusu nyumba yao, meza imekwisha kusema.

Mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwa bwalo anaijua meza hiyo. Kwetu haina samaki wa Kijapani, lakini ina yule mwenye sanduku lililojaa na yule anayejifanya hana njaa. Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wangu aliyecheka. Shida za Shermer si shida za bweni letu, kweli, ila namna ya kuwapanga watoto kwa lakabu ni ileile.

Sasa naomba msomaji anivumilie niingie kidogo katika taaluma yangu. Kiswahili kina ngeli, na kila nomino ina kundi lake. Tuna maneno ya watu yenye kiambishi ki-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ni kiambishi kilekile tunachokitumia kwa kiti, kisu na kikombe, na ndicho kinachodunisha tunaposema kijumba au kijito. Siku hizi twahimizwa, na ni haki, kusema mtu asiyeona au mtu asiyesikia. Lakini tazama sarufi yetu inavyofanya kitenzi kinapofika. Hatusemi kiziwi kimefika. Twasema kiziwi amefika. Nomino ina ki-, kitenzi kina a-. Jina laweza kumpeleka mtu miongoni mwa vitu, lakini mara tu anapotenda jambo, lugha humrejesha miongoni mwa watu.

Neno kijana lenyewe lina ki- hiyohiyo, na twasema kijana amesoma, kijana amekosa, kijana ametubu. Hata kiongozi ana ki-. Basi si kila ki- ni tusi. Tusi huanza pale tunapokiruhusu kiambishi hicho kivuke mpaka kiingie katika kitenzi: kijitu kile kimechelewa tena. Hapo mtu amekwisha kuwa kitu, na kila atakachotenda kitakuwa tendo la kitu. Msemaji wa Kiswahili anajua tofauti hiyo hata kama hakuwahi kufunzwa ngeli.

Vernon ni mtu aliyekivusha kiambishi mpaka. Anapomwona Bender hamwoni mvulana aliyebonyeza king'ora cha moto pasipo moto. Anaona mhalifu, na kila neno la kijana huyo kwake ni ushahidi wa uhalifu. Anamwongezea Jumamosi moja juu ya nyingine kwa sababu ya maneno tu, mpaka adhabu inakuwa ya miezi miwili. Anawaambia wenzake wakamtazame baada ya miaka mitano waone atakavyokuwa. Baadaye anamfungia katika chumba kidogo na kumchokoza ampige, akijua kuwa hakuna atakayemwamini mhalifu mbele ya mwalimu. Jina limegeuka utabiri, na mtabiri mwenyewe ndiye anayehakikisha kuwa utabiri umetimia.

Saa zinapokwenda, vitenzi vinaanza kuzishinda nomino. Watano hao wanakaa sakafuni, na kila mmoja anaeleza alichotenda na alichotendewa. Andrew, mwanariadha anayeshangiliwa, alimdhalilisha mvulana mnyonge katika chumba cha kubadilishia nguo ili baba yake amwone dume, na sasa hawezi kuifikiria aibu ya mvulana yule mbele ya babaye mwenyewe bila kulia. Claire, anayependwa na wote, anatumiwa na wazazi wake kama silaha katika ugomvi wao. Bender ana alama ya kuchomwa kwa biri mkononi, nayo ilitoka kwa baba yake, kisa na maana alimwaga rangi. Allison, alipoulizwa wazazi wake wanamtenda nini, anajibu kwa ufupi kuwa wanampuuza. Yeye hakupewa adhabu yoyote. Alikuja shuleni siku ya Jumamosi kwa sababu hakuwa na jambo bora zaidi la kufanya. Ama kweli, siri ya mtungi aijuaye kata.

Lakini anayenitia hofu zaidi, nami ni mwalimu, ni Brian. Huyu ndiye ambaye kila chumba cha walimu humtaja kwa fahari. Katika somo la ufundi aliagizwa kutengeneza taa yenye umbo la tembo: ukivuta mkonga, taa iwake. Taa yake haikuwaka. Akapata alama ya mwisho kabisa, mara ya kwanza maishani mwake. Mtoto huyo akaleta shuleni bastola ya fataki, ile itumiwayo na mabaharia waliopotea baharini kuomba msaada, akaificha katika kabati lake kwa nia ya kujiua. Ililipuka yenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya adhabu yake. Wenzake wanacheka kidogo wakisikia kuwa ni bastola ya fataki, naye anacheka nao. Mimi siwezi. Chombo chenyewe ni cha kuita waokoaji, na hakuna mtu mzima katika filamu nzima anayeuliza mtoto huyo alikuwa akimwita nani.

Hatukuzoea kumhesabu Brian miongoni mwa waliotengwa. Twadhani waliotengwa ni wa mwisho darasani, watoro na wenye fujo. Filamu inatukumbusha kuwa jina zuri nalo ni kifungo. Anayeitwa bongo hana ruhusa ya kushindwa hata mara moja, kwa maana akishindwa hana jina jingine la kukimbilia. Mwaka huohuo wa 1985 filamu hii ilipotoka, Kenya iliuanza mfumo wa 8-4-4, na kuanzia mwaka wa 1989 vijana wetu wakawa wanamaliza sekondari wakiwa na herufi moja ya jumla. Nani hajawahi kusikia mtu mzima, mwenye watoto, akiitwa yule wa A au yule wa D? Herufi iliyokusudiwa kueleza mtihani wa majuma machache imekuwa jina la ukoo.

Nisije nikaonekana nawanyoshea wengine kidole ilhali langu nimelificha, nitasimulia langu. Kabla sijaingia chuo kikuu kufundisha, nilifundisha miaka michache katika shule ya sekondari. Kidato cha pili nilikuwa na mvulana ambaye hakujibu swali hata moja. Ukimwita husimama, hutazama dirishani, midomo ikachezacheza, kisha huketi. Siku moja, kwa kutaka kuchekesha darasa, nilimwita Bwana Kimya. Darasa lilicheka. Kufikia mwisho wa juma hapakuwa na mtu shuleni aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Muhula ulipofungwa mama yake alikuja kuchukua ripoti. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kuwa kijana ni mkimya na mzito wa kujifunza. Mama aliisoma taratibu, akainua macho, akasema: "Mwalimu, huyu nyumbani haishi kuimba." Sikumwelewa. Nilidhani ni mama anayemtetea mwanawe. Muhula uliofuata mvulana hakurudi, nikaambiwa amehamishiwa shule nyingine.

Miaka kadhaa baadaye, nikisomea shahada yangu ya uzamili, nilisoma kuhusu kigugumizi. Nikajifunza kuwa wengi wenye kigugumizi, ambao hawawezi kumaliza sentensi mbele ya watu, huimba bila kukwama hata silabi moja. Nilikiweka kitabu chini. Mama yule alinipa utambuzi kamili kwa maneno matano, nami niliyejiita mtaalamu wa lugha sikuusikia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpa mwanawe jina. Jina lilinifanya niache kutazama. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona.

Hilo ndilo kosa la jina la kubandikwa: humpumzisha anayelitoa. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini katika darasa moja amechoka, na jina ni njia ya mkato. Ukishasema huyu ni mtundu, huna haja ya kujua kwa nini leo amelala darasani. Sisemi haya kwa kuwalaumu walimu, maana najua mzigo wao. Nasema kwa sababu mzigo huo tunaupunguza kwa kuuhamishia kichwani mwa mtoto.

Lakini tusiifanye filamu hii msahafu. Ina makosa yake, na baadhi ni makubwa. Molly Ringwald, mwigizaji aliyecheza Claire, aliandika makala mwaka wa 2018 katika jarida la The New Yorker akizitazama upya filamu alizocheza na Hughes, ambaye alifariki mwaka wa 2009. Alikiri kuwa Bender anamdhalilisha Claire kijinsia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hatimaye anapewa mapenzi yake kama tuzo. Mwanafunzi wa kiume anayetazama haya leo hana budi kuambiwa waziwazi kuwa majeraha ya nyumbani hayampi mtu kibali cha kumjeruhi msichana.

Kosa la pili ni Allison. Filamu nzima inatetea haki ya mtoto kuwa alivyo, kisha mwishoni Claire anampaka vipodozi, anamfunga utepe, anamvisha nguo nyeupe, na ghafla mwanariadha anamwona. Yaani mwendawazimu ameponywa kwa kugeuzwa binti mfalme mdogo! Hapo mtunzi alibandua jina moja akabandika jingine. Tena wote watano ni weupe. Katika taifa ambalo shule zake zina historia ndefu ya ubaguzi wa rangi, waliotengwa zaidi ya wote hawakupata hata kiti cha adhabu maktabani.

Na hapa namrudia kijana wangu aliyecheka. Hoja yake ilikuwa kwamba maumivu hayalingani, na ni kweli. Filamu inatutaka tuone kuwa Claire na Bender wote ni wahanga, lakini pete za almasi za sikioni si sawa na kovu la biri. Mwisho Claire anampa Bender pete moja. Hawezi kumpa nyumba isiyo na kipigo. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kuwa kila mtu ana shida zake, kisha akaishia hapo, amewanyima haki wale ambao shida zao zinahitaji zaidi ya kusikilizwa. Kuna mtoto anayehitaji sikio, na kuna anayehitaji karo, au daktari, au afisa wa watoto kubisha mlangoni kwao.

Hata hivyo, kuna swali moja katika filamu ambalo Hughes hakulikwepa, na kwa ajili ya swali hilo namsamehe mengi. Jioni inapokaribia, Brian anawauliza wenzake: Jumatatu itakuwaje? Tutakapokutana ukumbini, nyinyi mkiwa na rafiki zenu, mtanisalimu? Claire anajibu kwa ukweli unaouma. Hapana, hadhani. Wanamkasirikia, wanamtukana, naye analia, lakini hakuna anayeweza kuapa kuwa amekosea. Filamu inaisha Jumamosi. Jumatatu hatuioni.

Zingatia pia nani anayeachwa na kazi. Wanne wanashikana wawili wawili, na insha ya wote inaachiwa Brian, bongo, kwa kuwa kuandika ni kazi ya mabongo. Katika waraka huo anamwambia Vernon kuwa anawaona atakavyo, kwa maneno mepesi kabisa, ilhali kila mmoja wao ana kitu cha wote watano ndani yake. Ni waraka wa haki. Lakini aliyeuandika aliketi peke yake, akilitumikia lilelile jina alilokuwa akilikana.

Jumatatu, basi, ni ya nani? Watoto watano hawawezi kuibadilisha peke yao, maana ukumbi una mamia ya macho yanayowangoja na majina yao ya zamani. Anayeweza kuibadilisha ni mwenye sauti katika ukumbi huo, na mwenye sauti ni mwalimu. Vernon angeweza. Angeisoma insha ile, akamwita Bender kwa jina lake la kwanza, akamwuliza Brian habari za taa ya tembo. Katika shule hiyo anayewatazama watoto kwa macho ni Carl, mfagizi, ambaye picha yake ya ujana imetundikwa ukutani miongoni mwa wanafunzi waliotunukiwa heshima. Shule ilimpa jina kubwa, kisha maisha yakampa ufagio, naye hakuwa mtu mwingine.

Wako watakaoniambia: Daktari, mwalimu hawezi kufundisha bila kutofautisha. Ni lazima nijue nani mwepesi, nani mzito, nani mchelewaji. Nakubali. Mtaala wetu mpya nao unawagawa wanafunzi wa sekondari ya juu katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Mgawanyo huo una nia njema. Lakini kama tujuavyo tabia zetu, hautapita muda kabla mkondo haujawa lakabu, na mtoto wa sanaa akachukuliwa kuwa ndiye aliyeshindwa na sayansi. Kutofautisha ni kazi yetu. Ninachokipinga ni kutofautisha kwa nomino mahali ambapo kitenzi kingetosha.

Kiswahili kimetupa nyenzo za kufanya hivyo, na sisi walimu wa lugha hatuna udhuru wa kutozitumia. Mtoto akichelewa Jumanne, amechelewa. Ukimwita mchelewaji umetia kiambishi tamati -aji, ambacho hutaja mazoea. Umetwaa asubuhi moja ukaifanya tabia ya maisha. Mtoto akichukua kalamu isiyo yake, ameiba kalamu, na aadhibiwe kwa hilo. Ukimwita mwizi, umempa kazi ya kudumu.

Tena tunacho kiambishi kidogo ambacho nakipenda kuliko vyote, nacho ni -ja- ya kikanushi. Haelewi ni hukumu. Hajaelewa ni taarifa yenye mlango ulio wazi. Hawezi, hajaweza. Hasomi, hajasoma. Silabi moja tu inamwambia mtoto, na inamwambia mzazi atakayeisoma ripoti chini ya taa jioni, kuwa habari haijaisha. Nawasihi walimu wenzangu, ripoti za muhula zitakapowadia, wazipitie zile nafasi za maoni. Kila penye mvivu, mzito, mtundu na mkimya, waandike kitenzi, na wakitie wakati wake. Haitagharimu shule hata shilingi moja.

Nanyi wanafunzi, msidhani haya ni ya walimu pekee. Majina makali zaidi hayatungwi katika chumba cha walimu. Anayeingia kidato cha kwanza akiitwa mono na kuamrishwa abebe maji ya wakubwa, mwaka unaofuata huwaita wengine vivyo hivyo, kana kwamba jina ni deni la kulipiza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Iwapo yupo mmoja darasani mwenu ambaye mmesahau jina lake halisi, anzeni naye. Msingoje kufungiwa maktabani pamoja naye kwa saa tisa.

Majuma mawili baada ya onyesho lile, niliwapa wanafunzi wangu zoezi la darasani. Niliporudisha karatasi niliita majina yote kamili, moja baada ya jingine, badala ya kuziacha mezani wazichukue wenyewe kama nilivyozoea. Nilipofika kwa msichana yule niliita majina yake matatu yote. Aliitika mara ya kwanza.

Kijana wa nyuma naye aliitika. Alipokuja kuchukua karatasi yake aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawakuisikia: "Daktari, kwetu bwenini mimi ndiye niliyekuwa nikiwapa wengine majina." Nilimwambia kuwa hata mimi nilifanya hivyo. Mwaka ujao atakuwa mbele ya darasa lake mwenyewe, na Jumatatu itakuwa mkononi mwake.